Bwana Kurt Vonnegut: Askari, Baba wa Watoto Saba na Mpenda Utu

Katika kurasa hizi mmezowea kusoma habari za miche, za bei, za majamvi na magunia, na za wachumaji walioanguka mitini. Leo twaomba ruhusa yenu tuliache shamba kidogo, tukusimulieni maisha ya mtu mmoja wa Marekani ambaye hakuwa mkulima wala mtu wa visiwa. Jina lake ni Kurt Vonnegut. Alikuwa mtunga vitabu, na vitabu vyake vilimpatia sifa kubwa, lakini sisi hatukumchagua kwa ajili ya sifa hiyo.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa miongoni mwa wazee wetu walikuwamo waliokwenda vitani na Keya mpaka Burma, na wengi wao waliporudi walitundika koti la jeshi ukutani, wakashika tena pakacha la kuchumia, na wasiseme neno. Watoto wao walikua hawajui baba aliona nini huko. Bwana Vonnegut naye alirudi vitani na jambo moja kifuani, likamchukua zaidi ya miaka ishirini kulitoa. Sababu ya pili ni kuwa hatudhani iko nyumba katika visiwa hivi isiyojua maana ya kulea mtoto wa ndugu. Habari hii ina watoto wa ndugu ndani yake.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1922, katika mji wa Indianapolis, ulio katika jimbo la Indiana. Siku hiyo ilikuwa siku ya kukumbuka kusimamishwa kwa Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka wa 1918, na yeye aliipenda sana siku yake ya kuzaliwa kwa sababu hiyo. Mwaka wa 1954 serikali ya nchi yake ilibadilisha jina la siku hiyo ikaifanya Siku ya Askari wa Zamani, na yeye, ingawa alikuwa askari wa zamani, hakuridhika. Aliona kuwa siku ya bunduki kunyamaza ni jambo takatifu, na siku ya kuwasifu askari ni jambo jengine.

Asili yao walikuwa Wajerumani. Babu wa baba yake, Clemens Vonnegut, alihamia Indianapolis katikati ya karne ya 19 akafungua duka la misumari, makomeo na vyombo vya mafundi, duka lililokuja kuwa kubwa na mashuhuri. Mzee huyo hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa katika wale walioitwa watu wa fikira huru, waliosema kuwa mtu apaswa kutenda wema kwa kuwa ni wema, pasina kungojea malipo. Babu yake na baba yake walikuwa wachoraji wa majumba, na majengo waliyoyachora yamo katika mji ule. Upande wa mama walikuwa watu wa kiwanda cha bia, matajiri wa kutajika.

Kisha utajiri ukaondoka. Kwanza Marekani ikapiga marufuku pombe, kiwanda cha bia kikafungwa. Halafu mwaka wa 1929 ikaja ile dhiki kubwa ya dunia, ambayo hata sisi huku tuliijua kwa namna bei ya karafuu ilivyotuangukia. Hapana aliyekuwa akijenga nyumba, basi mchora majumba akakaa bure miaka nenda miaka rudi. Wakubwa wa Kurt, kaka yake Bernard na dada yake Alice, walikuwa wamesomeshwa skuli za kulipia. Yeye, kitinda mimba, akapelekwa skuli ya umma pamoja na watoto wa makarani na mafundi. Alisema baadaye kuwa ndiyo bahati yake. Alisema vile vile kuwa aliyemfunza mema na mabaya hasa alikuwa mpishi wa nyumbani kwao, mama mmoja mweusi aitwaye Ida Young, aliyekuwa akikaa naye zaidi kuliko wazee wake. Twapenda kulitaja jina la mama huyo hapa, kwa kuwa watu kama yeye aghalabu hawatajwi.

Katika skuli ya juu ya Shortridge alipata kitu kisichokuwako katika skuli nyingi: gazeti la kila siku lililoandikwa na wanafunzi wenyewe. Yeye alishika toleo la Jumanne. Hapo ndipo alipozowea kuandika maneno mafupi mafupi yanayofahamika, maana ukiwaandikia wenzako ovyo watakuambia kesho yake usoni. Mwaka wa 1940 alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell, akasomeshwa elimu ya kemia kwa kutakiwa na baba na kaka, lakini mwenyewe muda wote alikuwa ofisini mwa gazeti la chuo. Masomo yakamwendea vibaya. Mwaka wa 1943 akaingia jeshini.

Mwezi wa Mei 1944 alipata ruhusa akaenda nyumbani kwa ajili ya Siku ya Mama, ambayo wenzetu wa Marekani huiadhimisha mwezi huo. Alimkuta mama yake amekufa, amemeza dawa za usingizi kupita kiasi. Kijana alikuwa na umri wa miaka 21. Baada ya miezi michache akapakiwa melini kwenda Ulaya.

Kikosi chake, Divisheni ya 106 ya askari wa miguu, kilikuwa cha vijana wasiopata kupigana. Mwezi wa Disemba 1944 waliwekwa katika misitu ya Ardennes, mpakani mwa Ubelgiji na Ujerumani, mahali palipodhaniwa kuwa shwari, wapate kuzowea baridi na kelele kidogo kidogo. Tarehe 16 mwezi huo Wajerumani wakapiga pale pale, kwa nguvu zao zote zilizobaki. Divisheni ile ilikuwa imetandazwa nyembamba kama karafuu za mwisho wa msimu juu ya jamvi, na regimenti zake mbili kati ya tatu zikazungukwa na kusalimu amri. Maelfu ya vijana walichukuliwa mateka. Vonnegut alikuwa katika wapelelezi wa mbele, na hao aghalabu ndio hupotea mwanzo. Walitangatanga thelujini mpaka wakashikwa.

Walitiwa katika mabehewa ya mizigo, wamesimama kwa zamu na kulala kwa zamu, bila ya chakula cha kutosha wala choo, na ndege za wenzao Waingereza zikalipiga mabomu gari lile la moshi kwa kutojua limebeba nani. Kutoka kambi ya mateka baadhi yao walipelekwa Dresden, kufanya kazi. Kwa kuwa Vonnegut alijua Kijerumani kidogo alifanywa msemaji wa wenziwe. Lakini siku moja aliwaambia walinzi mambo atakayowafanyia Warusi watakapofika, wakampiga na kumvua cheo.

Dresden wakati huo ulikuwa mji mzuri mno, una makanisa na majumba ya fahari, na mabomu yalikuwa hayajaugusa sana. Mateka waliwekwa katika machinjio ya mji, jengo nambari tano, lililojengwa kwa ajili ya nguruwe. Kazi yao ilikuwa katika kiwanda cha shira ya kimea, iliyotengenezwa kwa ajili ya akina mama waja wazito. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 zilikuja ndege za Uingereza karibu 800, kwa mawimbi mawili, na mchana uliofuata zikaja za Marekani, na siku ya pili yake tena.

Twataka kueleza namna mji ule ulivyoungua, kwa kuwa mwenye banda la makuti ataifahamu habari hii upesi. Kwanza yalitupwa mabomu makubwa ya kupasua mapaa na madirisha. Kisha yakatupwa yale madogo ya moto, maelfu kwa maelfu, yakaangukia ndani ya nyumba zilizokwisha funuliwa. Mioto midogo ikaungana ikawa mmoja. Hewa ya moto ikapanda juu kwa kasi, na hewa ya pembeni ikavutwa ndani kujaza nafasi, ikawa upepo wa kimbunga unaopuliza kuelekea motoni kila upande. Waliokuwa njiani walivutwa. Waliojificha katika vyumba vya chini ya ardhi wengi hawakuungua, bali walikosa pumzi wakafa wamekaa vitini. Mateka na walinzi wao waliteremshwa katika ghala la nyama, chini sana ya machinjio, penye baridi na nyama zilizotundikwa, na ndiyo maana wakapona. Walipotoka hapakuwa na mji.

Kisha wakapewa kazi ya kuingia katika vyumba vile na kutoa maiti. Watu wa mji waliwatupia mawe wakiwaona. Askari mwenzao mmoja alikutwa na kitu kidogo alichookota katika magofu akahukumiwa kwa wizi akapigwa risasi. Wenzake ndio waliomzika.

Hapa yatupasa kusimama kidogo kwa ajili ya haki ya hesabu. Katika kitabu chake Vonnegut aliandika kuwa walikufa watu 135,000, naye aliipata hesabu hiyo katika kitabu cha mtu mwengine. Baadaye wataalamu wa historia waliowekwa na mji wa Dresden wenyewe walichunguza madaftari na makaburi, na mwaka wa 2010 wakatoa taarifa kuwa waliokufa hawakuzidi 25,000. Mtunga kitabu alikosea. Sisi tunaopima karafuu kwa pishi na kwa mizani twajua kuwa hesabu iliyozidishwa humdhuru hata mwenye haki. Lakini watu elfu ishirini na tano kwa siku mbili ni watu wengi wa kutosha kumnyima mtu usingizi, na yeye alikuwa mmoja wa waliowabeba.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1945 amekonda mno. Alipewa nishani ya waliojeruhiwa, kwa sababu ya miguu kuharibiwa na baridi, na mwenyewe aliicheka nishani hiyo akisema jeraha lake halikustahili kitu. Mwezi wa Septemba mwaka huo alimwoa Jane Cox, msichana aliyejuana naye tangu skuli ya watoto wadogo. Wakaenda Chicago, akasoma elimu ya mila na desturi za watu huku akiwa mpasha habari wa magazeti. Insha yake ya mwisho ikakataliwa, akatoka bila ya shahada. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1971, chuo kile kile kilimpa shahada kwa kukubali kitabu chake kimoja cha hadithi badala ya insha. Aliicheka pia.

Toka mwaka wa 1947 alifanya kazi katika kampuni ya General Electric, huko Schenectady, akiandika habari za kutangaza kazi za wataalamu wake. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa kaka yake Bernard, na hapa msomaji aliyepata kuanika karafuu akaona wingu linakuja toka baharini atasikiliza kwa makini. Bernard Vonnegut ndiye aliyegundua, mwaka wa 1946, kuwa chembe za iodaidi ya fedha zikitupwa katika wingu la baridi huyafanya maji yake yagande kuwa chembe za barafu, nazo huweza kuanguka kuwa theluji au mvua. Dunia nzima ilizungumza juu ya kutengeneza mvua. Mdogo wake naye alijiuliza jambo jengine: je, mwanachuoni akigundua kitu, ni nani atakayechukua dhamana ya kitakachofanywa nacho? Katika kitabu chake cha 1963 alitunga habari ya barafu moja ya ajabu, ambayo chembe yake ikigusa maji yo yote huyagandisha, hata bahari. Mwenye kuigundua katika hadithi hiyo si mtu mbaya, hakuuliza tu.

Mwaka wa 1950 gazeti moja kubwa lilimnunulia hadithi yake ya kwanza kwa dola 750, na mwaka uliofuata akaacha mshahara akahamia pwani ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, aishi kwa kalamu. Watoto walikuwa wawili, Mark na Edith, na Nanette akazaliwa mwaka wa 1954. Kwa muda riziki ilipatikana. Kisha televisheni ikaingia majumbani, watu wakaacha kusoma hadithi za magazeti, na magazeti yakaanza kufa moja baada ya moja. Mkulima aliyewahi kuona zao lake linakosa mnunuzi, na zao lenyewe halina kasoro, atamwonea huruma. Alifungua duka la kuuza motokaa za Saab, za Sweden, katika miaka ambayo Wamarekani wachache walizijua. Duka likafa. Alipenda kusema kwa mzaha kuwa Wasweden hawakumpa tuzo ya Nobel kwa ajili ya jinsi alivyoziuza motokaa zao.

Sasa tumefika mahali tulipokuwa twapakusudia tangu mwanzo.

Dada yake Alice alikuwa hospitalini, karibu na New York, anakufa kwa ugonjwa wa saratani. Mumewe, James Adams, alikuwa akitafuta namna ya kuwatunza watoto wanne wa kiume. Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 1958 Adams alipanda gari la moshi la New Jersey kwenda mjini. Njiani pana daraja juu ya ghuba ya Newark, daraja la kuinuliwa ili meli zipite. Daraja lilikuwa limeinuliwa. Gari halikusimama. Injini mbili na mabehewa ya mbele yakaingia majini, na watu 48 wakafa, na Adams alikuwamo.

Jamaa walitaka kumficha Alice. Lakini mgonjwa mwengine, bila ya kujua, alimpa gazeti asome habari za ajali ile, na ndani yake mlikuwamo majina. Alikufa siku ya pili.

Kurt na Bernard walikuwa wamekwisha fika. Watoto wakubwa watatu walikuwa na umri baina ya miaka minane na kumi na minne. Wa nne alikuwa bado mdogo sana. Wale watatu waliingia chumbani wakafanya mkutano wao wenyewe, wasiruhusu mtu mzima kuingia. Walipotoka walikuwa na sharti moja: wasitenganishwe wao kwa wao, wala wasitenganishwe na mbwa wao wawili. Hapana sharti jengine.

Basi Kurt Vonnegut, mwenye duka lililokuwa lafa na vitabu visivyonunuliwa, aliwachukua akawapeleka Cape Cod na mbwa wao. Nyumba ya watoto watatu ikawa ya watoto sita kwa siku moja. Yule mdogo wa mwisho naye walikaa naye kwa muda, lakini mwishowe akachukuliwa na jamaa wa upande wa baba yake, huko Alabama. Na jambo hilo, la ndugu mmoja kwenda mbali na wenziwe, liliwauma wote miaka mingi. Mwenye kulea yatima asidhani kuwa kila kitu kitakaa sawa kwa kuwa nia ni njema.

Na hapa lazima tuseme ukweli ambao waandishi wa sifa hupenda kuuruka. Mzigo wa kila siku haukubebwa na Kurt bali ulibebwa na Jane. Yeye ndiye aliyepika vyungu vikubwa, aliyefua, aliyesikiliza vilio vya usiku vya watoto waliopoteza baba na mama kwa siku mbili. Mumewe alikuwa amejifungia chumbani na mashine yake ya taipu na sigara zake zisizo na kichungi, na mtoto akipiga kelele nje ya mlango huweza kutokewa na mtu mkali. Watoto wake wenyewe wamesimulia hayo baada ya kukua, bila ya chuki, lakini bila ya kuficha. Jane alikuja akaandika kitabu kuhusu miaka ile, kikatoka mwaka wa 1987. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwezi wa Disemba 1986. Twamwona ndiye shujaa wa habari hii, na kama kichwa cha makala hii kimebeba jina la mumewe ni kwa sababu ndivyo dunia ilivyowapanga.

Miaka yote hiyo Dresden ilikuwa haijaandikwa. Alijaribu, akachana, akajaribu, akachana. Mwishowe alikwenda Pennsylvania kumtembelea Bernard O'Hare, askari mwenziwe waliyekuwa naye kifungoni, wakae usiku wakumbushane. Mke wa O'Hare, Mary, alikuwa amekasirika, akifunga milango na makabati kwa kishindo. Kisha akatoa lililomo moyoni: kwamba wao walikuwa watoto tu walipokwenda vitani, kama watoto waliolala ghorofani wakati ule, lakini katika kitabu atawafanya wanaume mashujaa, na watu wataona vita ni kitu kizuri, na watoto wengine watapelekwa. Vonnegut alimwahidi kuwa hatafanya hivyo. Hilo ndilo lililomfungulia mlango. Mwaka wa 1967 alipata fedha za msaada wa watunzi, akaenda Dresden na O'Hare, na mwezi wa Machi 1969 kikatoka kitabu kinachoitwa kwa jina la machinjio nambari tano. Alimtunuku Mary O'Hare kitabu hicho, na chini ya jina lake aliandika kuwa ni vita vya watoto.

Wakati huo nchi yake ilikuwa ikipigana Vietnam, na vijana walikisoma kitabu hicho mikono ikitetemeka. Fedha zikaja. Fitina zikaja pia: mwaka wa 1973 halmashauri ya skuli moja katika jimbo la North Dakota iliamuru nakala zake zichomwe moto katika tanuri la skuli. Mtu aliyetoka Dresden alipaswa kujua moto unavyofanya kazi. Aliwaandikia barua ya adabu, akawaeleza kuwa yeye ni baba wa watoto sita, askari wa miguu aliyejeruhiwa, na hakupata kushitakiwa wala kufungwa kwa lo lote.

Bara letu pia alilikanyaga. Mwezi wa Januari 1970 aliingia Biafra siku chache kabla haijaanguka, akaona watoto waliovimba matumbo kwa njaa, akayaandika. Mwaka wa 1989 alikwenda Msumbiji, kwa jirani zetu wa kusini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaona wakulima waliokimbizwa mashambani mwao na vijiji vilivyochomwa, akarudi kuwaeleza watu wake.

Umaarufu haukuiponya nyumba yake. Yeye na Jane walitengana mwaka wa 1971, na talaka ikatoka 1979. Mwaka ule ule wa 1971 mwanawe Mark aliugua akili, akalazwa. Alipopona alisoma udaktari akawa daktari wa watoto. Kurt alioa tena, mpiga picha Jill Krementz, wakamlea mtoto wa kike, Lily, akawa wa saba. Na mwaka wa 1984 yeye mwenyewe alijaribu kuifuata njia ya mama yake, akawahiwa akapona. Hatuyasemi haya kumvunjia heshima.

Jane alipokuwa mgonjwa wa mwisho walizungumza kwa simu kama ndugu. Alimwuliza ni kitu gani kitakachoamua saa yake ya kufa. Kurt, mtunga hadithi, alimtungia: kwamba mtoto mmoja wa miaka kumi, wasiyemjua, aliyebabuka jua, atasimama penye mteremko wa kushushia mashua, pale bandarini karibu na nyumba waliyowalelea watoto, akitazama ndege na vyombo, ataokota jiwe, atalitupa, na likigusa maji ndiyo saa yake. Twadhani aliyewahi kukaa na mgonjwa na kukosa la kusema atafahamu kwa nini tumelisimulia hili.

Sasa kuhusu kupenda utu. Tangu mwaka wa 1992, aliposhika nafasi ya Isaac Asimov aliyefariki, mpaka kufa kwake Vonnegut alikuwa rais wa heshima wa chama cha Marekani cha watu wanaojaribu kuishi kwa wema pasipo kutazamia thawabu wala kuogopa adhabu baada ya kufa, kama alivyokuwa mzee Clemens wa duka la misumari. Sisi tunaosali na kufunga hatuwezi kumfuata hapo, wala hatukuandika haya ili mtu amfuate. Lakini hakuwacheka wenye dini. Maneno ya Nabii Isa ya kuwahurumia wenye huzuni na maskini aliyapenda mno, akayasifu mbele ya wasioamini. Katika kikao cha kumkumbuka Asimov alisema kuwa marehemu sasa yuko peponi, na chama kizima kikavunjika mbavu kwa kucheka.

Alikuwa na ami aliyeitwa Alex, ambaye lawama yake juu ya wanadamu ilikuwa moja: kwamba wanapokuwa katika raha hawatambui. Basi wakiwa wamekaa chini ya mtufaha siku ya jua, wanakunywa maji ya limau na kuzungumza polepole, mzee huyo huyakatiza mazungumzo kusudi aseme wazi kuwa hapa tulipo ni pazuri, na kama hapa si pazuri basi pazuri ni wapi? Vonnegut aliishika tabia hiyo na akawafunza wanawe na wajukuu. Chini ya mkarafuu pia pana kivuli, na katika msimu mzuri, kazi ya kuchambua imekwisha, makonyo yametengwa mbali, hutokea saa kama hiyo.

Uzeeni, New York, alisimulia namna anavyokwenda kununua bahasha. Mkewe humwambia kuwa angeweza kununua mia moja kwa mara moja akaziweka kabatini. Yeye hutoka akanunua moja. Njiani huonana na watu, hutazama watoto wachanga, husimama na mbwa, hupiga foleni dukani akazungumza na mbele yake na nyuma yake, kisha huenda posta.

Aliteleza nyumbani kwake akaumia kichwa, na baada ya wiki kadhaa akafariki, tarehe 11 Aprili 2007, umri wake miaka 84. Alikuwa ameahidi kuhutubia mji wake wa kuzaliwa mwezi huo huo, na hotuba aliiacha imeandikwa. Daktari Mark alikwenda Indianapolis akaisoma badala ya baba yake.

Katika mji huo imefunguliwa nyumba ya makumbusho kwa jina lake. Imewekwa mashine yake ya taipu, ile nishani aliyoicheka, na paketi ya sigara iliyoonekana nyuma ya rafu ya vitabu baada ya kufa kwake. Imo pia barua ambayo baba yake alimwandikia wakati wa vita, ikamkosa ikarudishwa. Alikaa nayo miaka zaidi ya sitini, na hakuifungua.